Mwalimu, Hatuoni

Mimi si mtu wa fomu. Nikiona mstari wa nukta nukta unaosubiri nijaze kitu, mkono unakuwa mzito. Kwa hiyo shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa, na chama chetu cha walimu kikatangaza ruzuku ndogo kwa mwalimu yeyote mwenye njia ya kuwafikia wanafunzi wake nyumbani, nililisoma tangazo lile, nikalikunja, nikalitia mfukoni na kuendelea na hasira zangu.

Hasira nilikuwa nazo za kutosha. Nafundisha hesabu darasa la sita. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wamenitoka mikononi katikati ya mada ya sehemu, na mada hiyo ukiikatiza wiki moja tu, unaianza upya. Nilizunguka sebuleni nikigombana na redio, na kikombe cha chai, na paka wa jirani. Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake ipo hapo hapo sebuleni karibu na dirisha, kwa hiyo hakuwa na pa kunikimbia. Siku ya tisa alilichomoa lile tangazo kwenye suruali aliyotaka kuifua, akanibandikia mezani.

"Baba watoto," akasema, "ama ujaze hii fomu, ama mimi nihamie kwa dada yangu. Chagua."

Nilijaza. Niliandika kwamba nyumba nyingi za wanafunzi wangu zina simu ya vitufe, ile isiyoonyesha picha wala nini, ila kupigia na kupokea. Nikaandika kwamba ipo laini ya mkutano ambayo watoto wote wanaweza kuipigia kwa wakati mmoja bila kulipa, gharama zote zikawa juu yangu. Nikaomba hilo tu, pamoja na spika ndogo ya mezani, na daftari na kalamu kwa kila mtoto. Baada ya wiki mbili jibu lilikuja: wamekubali. Nilijifanya sijali, lakini mke wangu aliniona nikinyoa ndevu siku ambayo sikuwa na safari.

Sasa niseme habari za Twiga, maana bila yeye nisingekuwa na hadithi.

Twiga ni jina alilopewa na wenzake kwa sababu ya urefu. Ni binti wa fundi viatu, na alikuwa mrefu kuliko darasa zima kwa sababu nyingine pia: darasa la tano alilisoma mara mbili. Mara ya pili nilimfundisha mimi, kisha nikapanda naye hadi la sita. Urefu wake ulimweka nyuma kabisa, ili asiwakinge wenzake, na huko nyuma alikuwa ananitia wazimu. Ukimuuliza swali anakaa kimya. Ukigeuka ubaoni, unapogeuka tena unamkuta kalalia daftari la jirani yake, ananakili. Nilimkaripia hadi nikachoka. Kwenye taarifa yake ya muhula niliandika, kwa wino na kwa mkono wangu: mvivu, anaangalizia, arudie darasa.

Baba yake alipoitwa kusaini, aliisoma taratibu, akaitazama mikono yake yenye gundi, akasema, "Mwalimu, kurudia mara moja tulivumilia. Akirudia tena namtoa, nimkalishe pale kibarazani nimfundishe viatu. Sina ugomvi na shule, ila mtoto atazeekea humo." Sikumbishia. Jina la Twiga likaingia kwenye orodha ya wanaorudia, orodha ikakaa kwenye kabati la Mwalimu Mkuu, na shule ikafungwa.

Somo la kwanza kwa simu lilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatatu. Nilivaa shati la kazi. Nilipigilia ubao mdogo ukutani, nikapanga chaki, nikaweka simu na spika mezani. Watoto wakaingia mmoja mmoja, "Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu," mpaka wakafika thelathini na watatu, na nyuma yao nikasikia jogoo, na vyombo, na mtoto mchanga analia. Nilifurahi kuzisikia zile sauti. Kisha nikaanza kazi kwa nguvu zangu zote.

"Tunajumlisha nusu na theluthi," nikasema, nikageukia ubao, chaki ikaanza kulia. "Tunatafuta namba hii hapa ya chini, mnaiona? Tunaizidisha na hii. Halafu hii ya juu inapanda mara ngapi? Kama mnavyoona, inakuwa hivi. Na hii nayo inakuwa hivi. Mmeelewa?"

"Ndiyo mwalimuuu," wakaitika, kama walivyofundishwa tangu darasa la kwanza.

Niliendelea hivyo dakika kumi nzima. Nilijaza ubao wote, nikafuta, nikaujaza tena. Nilikuwa nimefika mfano wa tatu, najipongeza kimoyomoyo kwa jinsi darasa lilivyotulia, wakati sauti moja ya msichana ilipokuja pole pole kwenye spika.

"Mwalimu, hatuoni. Useme."

Cherehani ilisimama. Nilibaki na chaki hewani. Nikautazama ubao, nikaitazama simu, nikamtazama mke wangu, naye alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha mteja, mabega yanamtikisika. Miaka ishirini na sita ya ualimu, na nilikuwa nauandikia ukuta. Na wale watoto thelathini na watatu wenye adabu zao walikuwa wanaitikia tu.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Ni mimi, Twiga."

Nilitaka kukasirika, sikupata pa kuanzia. Nikaushusha ubao ukutani, nikauegemeza nyuma ya mlango, nikakaa kitini nikaanza upya kwa mdomo. Andikeni moja. Chini yake pigeni mstari. Chini ya mstari andikeni mbili. Mmepiga? Sasa acheni nafasi ya kidole, wekeni alama ya kujumlisha. Ilikuwa kazi ngumu ajabu. Kila kitu nilichozoea kukionyesha kwa kidole ilinibidi nikitafutie neno, na wakati mwingine neno halikuja, mke wangu akanipa lake kutoka kwenye cherehani, kwa sababu mafundi nguo wanaijua nusu na robo kuliko sisi. "Waambie wakunje kitambaa mara mbili," akasema siku moja. Niliwaambia, wakakunja vitambaa, na wakaelewa.

Wiki zikaenda. Nilianza kuipenda ile saa tatu ya asubuhi. Na katika wiki ya pili nikagundua jambo lililoniharibia raha: Twiga alikuwa anajibu. Si kujibu tu, alikuwa anajibu wa kwanza, na alikuwa anapata. Namaliza swali, wengine bado wanakuna vichwa, yeye tayari: "Tano juu ya sita, mwalimu." Namtegea swali gumu, analipata. Namtegea la darasa la saba, nalo analipata.

"Kuna mtu anamnong'oneza," nilimwambia mke wangu.

"Au ana akili," akasema, akikata uzi kwa meno.

"Akili haimwoti mtu kwa wiki mbili! Miaka miwili nimemwona nyuma ya darasa anakopi mpaka alama za kufuta za mwenzake. Leo ghafla ni bingwa? Yupo mtu pale. Kaka, binamu, baba mwenyewe. Wanataka jina lake litoke kwenye ile orodha."

"Basi nenda kaone."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi nililishika. Alhamisi niliwaingiza watoto kwenye laini kama kawaida, kisha nikatoka nyumbani na simu sikioni, nafundisha huku natembea. Mitaa ilikuwa mitupu. Mama mmoja anayeanika nguo aliniona napita nikisema, "Haya, daftari zipo tayari? Pigeni mstari chini ya saba," akaacha kuanika, akanisindikiza kwa macho mpaka kona. Nilipita duka lililofungwa, nikakata kichochoro, nikafika mbele ya nyumba ya fundi viatu nikiwa nahema.

"Mwalimu, unaumwa?" mtoto mmoja akauliza kwenye simu.

"Fanya hesabu zako."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mlango wa mbele wazi. Kutoka kibaraza cha upande wa pili nilisikia nyundo ya fundi ikigonga soli, tok, tok, kwa hiyo baba hakuwa ndani. Nikasogea mpaka mlangoni, nikasimama nje bila kuingia, maana tuliagizwa tusikaribiane. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha ya kukamata mtu.

"Swali," nikasema kwa sauti ya chini. "Theluthi mbili, zidisha na tatu juu ya nane. Jibu lipunguzwe mpaka mwisho."

Chumba kilikuwa na kitanda, meza na benchi moja. Twiga alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua nne tu kutoka kwangu, simu ya baba yake imeegemezwa kwenye kikombe. Alikuwa peke yake. Hakuna kaka, hakuna binamu, hata paka hakuwepo. Alikuwa ameinua uso juu na kufumba macho, midomo inamcheza. Kisha aliinama kuandika, na akainama, na akaendelea kuinama, mpaka pua ikagusa karatasi. Aliandika namba kubwa kubwa za kujaza mistari mitatu mitatu.

"Robo, mwalimu," akasema, na nikalisikia jibu lile mara mbili, kwenye simu na kwa masikio yangu.

Nilisogeza mguu, changarawe zikalia. Twiga akainua kichwa, akanitazama. Nasema alinitazama, uso wake ulielekea kwangu sawasawa, mchana kweupe, hatua nne.

"Shikamoo," akasema kwa heshima. "Kama ni viatu, baba yupo kibaraza cha nyuma." Kisha akashika simu, akaniambia sikioni: "Mwalimu samahani, kuna mteja hapa mlangoni."

Nilisimama pale na simu yangu, naye na simu yake, na kwenye laini watoto wengine wakaanza, "Mwalimu? Mwalimu upo? Mwalimu kakatika!" Nilijiona mjinga, na nyuma ya ujinga ikafuata aibu. Meza ya nyuma kabisa, pale nilipomweka, ni hatua kumi na mbili kutoka ubaoni. Nimezipima mara nyingi nikitembea huku na huku. Miaka miwili alikuwa haoni hata chaki ninayoshika, na daftari la jirani ndilo lililokuwa ubao wake.

"Twiga," nikasema, na simu nikaiteremsha. "Ni mimi."

Aliruka kutoka kwenye benchi, kikombe kikaanguka. Alidhani nimekuja kumgombeza, na kwa haki kabisa, maana ndiyo kazi pekee niliyowahi kumfanyia. Nilimwambia akae. Nilinyoosha vidole vitatu, nikamuuliza ni vingapi, akakisia vinne. Nilipiga hatua moja mbele, akasema viwili. Baba yake alikuja na nyundo mkononi kuona kuna nini, na nilipomweleza alijifuta uso kwa mkono wa gundi.

"Tulijua anapenda kuinamia vitu," akasema. "Tukasema ni mazoea. Hata mimi viatu naviinamia."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" nikamuuliza Twiga.

"Nilidhani wote wanaona hivyo," akasema, "ila wenzangu wanajua kukisia kuliko mimi."

Nilirudi nyumbani bila kumaliza kipindi. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho na hakutania hata mara moja, ndipo nikajua jinsi uso wangu ulivyokuwa umesawijika.

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, ambaye ni mama mkavu kidogo, mwenye kupenda mambo yakae yalivyopangwa. Nilimwambia taarifa ya Twiga nimeiandika mimi na nimeiandika vibaya, kwamba kumbe mtoto haoni mbali, na jina litoke kwenye orodha. Akasema nakala ya orodha imeshapelekwa wilayani, haifutwi kwa maneno. Akasema, na nampa haki yake kwa hili, kwamba shule zinafunguliwa karibuni, yapo majaribio ya kufungulia, na mtoto atakayeyapita anaweza kuombewa atolewe kwenye orodha.

"Sawa. Ila majaribio tunayaandika ubaoni," nikasema. "Miwani tutakayomtafutia haitakuwa tayari. Nitayasoma kwa sauti."

"Mtihani wa kusomewa ni wa chekechea, mwalimu."

"Basi nitalisomea darasa zima, wote wawe chekechea."

Alinitazama juu ya miwani yake mwenyewe. Nadhani hiyo miwani ndiyo iliyonisaidia, maana aliivua, akaifuta, akairudisha, akasema, "Soma polepole, na usirudie swali zaidi ya mara mbili."

Jioni hiyo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani: nilijaza fomu kwa hiari yangu. Katika ruzuku zilikuwa zimebaki fedha za simu za wiki za mwisho, ambapo sasa shule ingekuwa imefunguliwa. Nikawaandikia wale wa ruzuku kuomba kilichobaki kinunue miwani. Nilieleza kila kitu, pamoja na ubao wangu wa ukutani, nikijua watanicheka. Jibu lilikuja siku ya tatu, mistari miwili ya mama mmoja wa ofisi yao: "Tumekubali, miwani ni kifaa cha kujifunzia. Tumecheka sana, halafu hatukucheka tena."

Shule ikafunguliwa. Fundi wa miwani alikuwa amempima Twiga akatikisa kichwa, akasema vioo vyake ni vya kuagiza, tusubiri siku kumi. Majaribio yalikuwa siku ya nne. Nilisimama mbele ya darasa lililojaa, ubao mtupu mgongoni, nikasoma maswali ishirini, kila moja mara mbili, polepole. Usiku sikuwa nimelala vizuri. Sikutazama nyuma kwa Twiga, niliogopa. Wengine walinung'unika mwanzoni, kisha wakakumbuka ile saa tatu yetu ya kwenye simu, wakainamisha vichwa wakaandika. Kibarazani, fundi viatu alikuwa amekuja bila kuitwa, amekaa kwenye ngazi, eti anasubiri kumrudisha binti nyumbani.

Nilisahihisha mchana ule ule, karatasi ya Twiga nikaiweka ya mwisho kwa woga. Kumi na nane kati ya ishirini. Nilihesabu tena kwa kutokujiamini, nikapata kumi na nane tena. Nilitoka mpaka kwenye ngazi na karatasi mkononi, na baba yake aliniona usoni kabla sijafungua mdomo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na akasahau kuniachia, tukakaa hivyo kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Jina likatoka kwenye orodha wiki ile ile.

Miwani ilifika Jumanne, katikati ya kipindi changu. Baba yake aliileta ndani ya kisanduku cha viatu vya mtoto, akampa mlangoni, akaondoka haraka haraka kama mtu mwenye kazi nyingi. Nilimwambia Twiga achague pa kukaa, mbele, katikati, popote. Akasema anapapenda nyuma. Nikamwacha aende, akakaa, akafungua kisanduku, akaivaa.

Nilikuwa nimeandika ubaoni mifano mitano. Niliendelea kufundisha ili asione aibu ya kutazamwa, lakini darasa zima lilikuwa limegeuka. Twiga akaanza kusoma kwa sauti. Hakuambiwa. Alisoma mfano wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano, kisha tarehe pembeni, kisha ratiba ukutani na herufi zake ndogo, kisha maandishi ya boksi la chaki juu ya meza yangu. Wenzake walianza kucheka, na yeye akacheka, na akaendelea kusoma. Sikumkatiza. Kazi yangu ni kuwanyamazisha watoto na siku ile sikuiweza.

Maandishi yalipokwisha akafika kwangu. Alinitazama kwa muda, kichwa kakiinamisha upande.

"Mwalimu," akasema, "kumbe ukifundisha huwa unatabasamu."

Darasa likapasuka kwa kicheko.

"Natabasamu?" nikasema kwa ukali.

"Ndiyo. Hata sasa. Mimi miaka yote hii nilikuwa nasikia sauti tu, nikajua umekasirika."

Nilimwambia akae sawa afungue daftari. Kisha niligeukia ubao, nikaandika mfano wa sita polepole sana, na nikakawia huko ubaoni mpaka nilipoweza kuwageukia.